Mstari Mmoja kwenye Ubao wa Mninga

Kaeni vizuri. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitamdai kila mtu hukumu yake, na sitaki kusikia "hata sijui." Mkitaka hadithi ya kusikiliza na kwenda zenu, mkaitafute kwingine.

Walikuwapo watu watatu wasiopendana. Nasema hilo mapema ili asiwepo anayesubiri niwapatanishe. Hawakupatana, hawajapatana mpaka leo, na mimi sioni dalili.

Wa kwanza aliitwa Dakta Ndyanabo, na kipaji chake kilikuwa jicho. Kitu ambacho mimi na wewe tungekipita kama hakipo, yeye alisimama akakitazama, akakirudia kukitazama, mpaka kikamwambia neno. Tatizo lake ni kwamba alikijua kipaji chake, na alihakikisha kila mtu anakijua.

Wa pili ni mwanamke, Nyamizi, na kipaji chake kilikuwa mkono. Akipima tone, tone la mia lilikuwa sawasawa na la kwanza. Hakuharakisha, hakukadiria, wala hakumwonea mtu haya. Ukimpa karatasi yenye maelekezo ataifuata mpaka nukta ya mwisho, na ikishindwa atakwambia imeshindwa, hata kama ni siku ya harusi yako.

Wa tatu ni Chidawali, mwosha vyombo, na kipaji chake kilikuwa kutotupa kitu. Mkono wa birika, ndivyo walivyomwita. Kamba iliyokatika aliiunga, sabuni iliyobaki ukucha aliibandika kwenye sabuni mpya. Alikuwa na ulimi mchungu na mabuti ya mpira yaliyotiwa viraka mara nyingi kuliko umri wangu.

Wote watatu walifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti, kule magharibi kwenye misitu ya miombo, ambako mbung'o huwauma warina asali na ng'ombe wao na kuwaachia vimelea vya malale. Jina la kituo halitatusaidia kitu. Kinachotuhusu ni ubao uliokuwa mlangoni.

Ubao huo ulikuwa wa mninga, mrefu kuliko mtu, na mwanzilishi wa kituo aliuwekea kanuni mbili. Ya kwanza: kila ugunduzi uliothibitishwa upewe mstari mmoja, na kila mstari jina moja. Alisema amechoka kuona karatasi zenye majina kumi na manane, na siku kosa linapotokea hapatikani hata mmoja wa kulijibia. Ya pili: mtu ambaye jina lake limeandikwa ubaoni, jalada lake husafishwa. Barua za lawama, maonyo, tuhuma, vyote hutolewa na kuchomwa, naye ana kazi pale mpaka atakapostaafu. Ugunduzi usio na jina hautoki getini.

Haya, tuingie ndani.

Siku moja Dakta Ndyanabo alikuwa anatazama vimelea vya malale kwa darubini. Ni vijidudu vyembamba vyenye mkia, vinavyopinda na kujinyoosha bila kupumzika. Asubuhi ile alikuwa ameshika chura wa mbugani kwa shughuli nyingine kabisa, na ute wa ngozi ya chura ulikuwa bado kwenye glavu. Tone likaangukia kioo. Mtu mwingine angefuta kioo, akajilaumu na kuanza upya. Yeye aliinamisha jicho. Vimelea vilikuwa vinapunguza mwendo. Vikasimama. Kisha vikapasuka kimoja baada ya kingine.

Akawatafuta vyura wa namna ile msimu mzima wa mvua, akatenga kwenye ute wao kitu kimoja kinachoua. Wataalamu wanakiita peptidi, yaani kipande kifupi cha protini ambacho ngozi ya chura hukitengeneza kujikinga na uchafu wa madimbwi. Alikijaribu tena na tena kwa miaka sita, na kila alipokijaribu, kiliua. Akaandika maelekezo yake kwenye karatasi nne, akaenda kumwona Mkurugenzi na kumwonyesha mstari mtupu kwenye ubao.

"Bado," alisema Mkurugenzi, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. "Kwanza mkono mwingine urudie."

Hiyo ilikuwa desturi ya pale. Hakuna jambo lililopanda ubaoni kabla mtu mgeni hajalirudia kwa kusoma karatasi tu, bila kuzungumza na aliyeligundua. Ndipo makao makuu yakamleta Nyamizi, kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Nyamizi akaifuata karatasi. Akayeyusha peptidi kwenye maji, akaigawa kwenye vichupa vidogo vya plastiki, akaiacha ikae muda ulioandikwa, kisha akaichanganya na vimelea na kutazama. Vimelea vikaendelea kucheza. Akarudia. Vikacheza. Akabadilisha maji, akabadilisha vimelea, akaazima darubini nyingine. Vikacheza vile vile, na yeye akaanza kuvichukia kwa jinsi vilivyokuwa na afya njema.

Baada ya miezi kumi na moja alimkuta Dakta Ndyanabo kwenye korido, na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, sasa aliruhusiwa kusema naye.

"Haiui," alisema.

"Unasemaje?"

"Peptidi yako haiui, Dakta. Nimerudia mara thelathini na sita."

"Basi umekosea mara thelathini na sita."

"Nimefuata karatasi yako neno kwa neno."

"Hata kasuku hufuata neno kwa neno, binti."

"Mimi si binti yako," alisema Nyamizi, akaenda kuandika ripoti.

Angeandika tu alichokiona, leo tusingekuwa na kesi. Aliandika: Haikuua, mara thelathini na sita haikuua. Hilo lilikuwa kweli. Lakini neno kasuku lilikuwa bado linamchoma, akaongeza sentensi moja ambayo hakuwa na ushahidi wake hata chembe: Yaelekea matokeo ya kwanza yalipikwa.

Dakta Ndyanabo naye hakukaa kimya. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa Mkurugenzi: Mkono wa mwanamke huyu hauaminiki. Ameharibu peptidi yangu kwa uzembe, na huenda kwa makusudi. Naomba barua hii iwekwe kwenye jalada lake. Ikawekwa. Nyamizi alipoambiwa alijua mara moja maana yake. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki tatu, na hakuna maabara inayomwajiri mpimaji ambaye jalada lake linasema mkono wake hauaminiki. Kazi ya mkono ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Dakta alisimama na karatasi zake nne, Nyamizi na daftari lake, wakarushiana maneno mpaka wahasibu wa chumba cha pili wakafunga dirisha. Mwishoni, alipoona hashindi, Dakta aligeuza macho nyuma ya ukumbi, ambako Chidawali alikuwa anapanga viti.

"Au labda vyombo alivyopewa vilikuwa vichafu," alisema. "Mnamjua mwosha vyombo wetu ni wa namna gani."

Watu wakacheka. Chidawali aliweka kiti chini, akatoka.

Kesho yake asubuhi Nyamizi alipeleka vyombo vyake kwenye chumba cha kuoshea. Lazima niwaambie kwamba Chidawali ni Mgogo na Nyamizi ni Mnyamwezi, na watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi na enzi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na wewe ucheke. Kwa mwaka mzima hao wawili walikuwa wametukanana kila asubuhi, na ndiyo mazungumzo pekee ambayo Nyamizi aliyafurahia pale kituoni.

"Mnyamwezi gani wewe?" Chidawali alianza bila kugeuka. "Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani hawakudondosha kitu. Wewe tone moja la chura limekushinda."

"Na wewe Mgogo gani? Unaitwa mchafu mbele ya ukumbi mzima, unaweka kiti chini unaondoka."

Akasubiri ajibiwe kwa tusi. Halikuja. Chidawali aliacha brashi kwenye sinki, na alipogeuka uso wake haukuwa wa utani hata kidogo.

"Mchafu? Mimi? Vichupa vya yule bwana navisugua mara nne nne, mwaka wa saba huu! Nisingeviosha, angefanyia kazi kwenye viganja?"

"Vichupa gani?" aliuliza Nyamizi. "Vya plastiki?"

Chidawali alijua amemwaga mtama. Vichupa vya plastiki vinatumika mara moja na kutupwa. Ndivyo tangazo kubwa lililokuwa juu ya kichwa chake lilivyosema, na asiyelitii anafukuzwa siku hiyo hiyo.

"Unatania, mtani," Nyamizi alisema polepole. Alimwachia mlango, naye alijua kwamba amemwachia. Chidawali angesema ndiyo, natania, na mambo yangeishia hapo, na mimi leo ningekuwa nyumbani nakula.

"Sitanii," alisema Chidawali. "Kaandike. Kamwambie profesa wako wa vyura kwamba kila kichupa alichokishika tangu aje hapa nilikiokota kwenye pipa la taka, nikakiosha, nikakifunga kwenye mfuko kama kipya. Boksi likija nusu tupu nani alihakikisha halimwishii? Mchafu!" Alivuta mfuko kutoka chini ya meza. "Kila nikikiosha nakikwaruza mstari mmoja chini. Ona hiki. Kumi na moja."

Nyamizi alikigeuza kile kichupa. Mistari kumi na moja, midogo, imepangwa vizuri.

"Na vyangu mimi?"

"Vyako vipya. Nilivitoa kwenye boksi kila siku." Akatazama pembeni. "Umetoka makao makuu. Nilidhani umekuja kunikamata."

"Mwaka mzima unaniona nashindwa, hukusema."

"Nani aliniuliza? Mliwahi kuniuliza kitu, ninyi wasomi, zaidi ya maji ya moto?"

Nyamizi alitoka na kwenda kukaa kwenye benchi la nje, hasira zimemjaa. Alikuwa na hasira na Chidawali, na hasira kubwa zaidi na yeye mwenyewe, kwa sababu tayari alikuwa ameshaanza kuelewa. Vimelea hulishwa kwa majimaji ya damu ya ng'ombe. Kichupa kilichotumika, hata ukisugue mara nne, hubaki na utando mwembamba wa damu ile usioonekana kwa macho. Kichupa kipya ni plastiki tupu. Na je, kama peptidi ya chura hunata kwenye plastiki tupu? Basi dawa yake yote ilikuwa inabaki ukutani mwa kichupa, na alichoviwekea vimelea mara thelathini na sita kilikuwa maji.

Hapa msimfanye malaika. Nyamizi alikaa kwenye lile benchi na kufikiria kunyamaza. Akinyamaza, ripoti yake inasimama. Mkurugenzi alikwisha kumdokeza kwamba mtu aliyekiokoa kituo na aibu hawezi kukosa mkataba mpya, na barua ya Dakta ingeonekana ni kelele za tapeli aliyekamatwa. Akisema, ripoti yake inakuwa takataka, na barua ile ndiyo inapata nguvu. Chidawali hangerudia maneno yale kwa mtu mwingine. Ilikuwa siri ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa yeye.

Alinyanyuka, lakini haukuwa wema uliomnyanyua. Alikuwa hawezi kuvumilia kutojua. Mara thelathini na sita alifanya jambo bila kosa na hakujua lilishindikana kwa nini. Hilo lilimkera kuliko barua. Akaenda kugonga mlango wa Dakta Ndyanabo.

Dakta alikuwa amebakiza kichupa kimoja cha peptidi. Vyura wale hutoka na mvua tu, na mvua ilikuwa miezi minane mbele. Alikuwa anakitunza ili akitume nje ya nchi, kwa rafiki yake ambaye angemtetea.

"Nipe yote," Nyamizi alisema.

"Ukaimwage chooni?"

"Nikajue kati yetu nani mjinga."

"Na ikishindwa tena?"

"Utakuwa huna peptidi, huna mtetezi, na ripoti yangu itakwenda kila mahali."

Dakta Ndyanabo angeweza kumfungia mlango. Kila mtu pale kituoni angemwelewa. Alifungua jokofu.

"Chukua," alisema. "Nataka siku utakayopiga magoti useme ulikosea, usiwe na kisingizio kwamba nilikunyima. Na nitasimama nyuma yako."

"Utasimama nje ya kioo cha maabara."

Akasimama nje ya kioo siku tatu, mikono nyuma, bila kusema salamu.

Nyamizi aliandaa makundi matatu. La kwanza, vichupa vipya. La pili, vichupa vya Chidawali vyenye mikwaruzo. La tatu lilikuwa wazo lake mwenyewe: vichupa vipya ambavyo alivilowesha kwenye majimaji ya damu ya ng'ombe, akavisuuza. Kisha, kwa kuwa hakuuamini hata moyo wake, akamtaka Chidawali avizungushie vyote utepe mweusi, avipe herufi, na aifiche orodha mfukoni mwake. Chidawali alifanya hivyo huku akilalamika kwamba utepe unaharibika. Hakuna aliyejua kichupa kipi ni kipi isipokuwa mtu ambaye, matokeo yakitoka, lazima afukuzwe kazi. Angeweza kuvuruga herufi mbili tu, kila kitu kikaharibika, na hakuna ambaye angegundua.

Siku ya tatu Mkurugenzi alikuja. Nyamizi akasoma herufi na matokeo, Chidawali akatoa orodha mfukoni na kusoma majibu kwa sauti ya kununa.

Vichupa vipya: vimelea vinacheza. Vichupa vya mikwaruzo: vimekufa vyote. Vichupa vipya vilivyoloweshwa damu: vimekufa vyote.

Nje ya kioo Dakta Ndyanabo alishika kiuno akacheka peke yake, kicheko kibaya. Hakupata hata sekunde ya kufurahi vizuri, kwa sababu alielewa papo hapo kwamba miaka sita alikuwa anaandika maelekezo ambayo mtu yeyote mwenye vichupa safi angeyafuata na kushindwa.

Siku hiyo Nyamizi aliandika ripoti mpya kwa mkono ule ule: Inaua. Ripoti yangu ya kwanza ni batili. Akaeleza damu, plastiki, kila kitu. Akaweka sahihi. Barua ya Dakta ilibaki kwenye jalada lake, na sasa mtu yeyote akiisoma pamoja na neno batili, angesema Dakta alikuwa na haki. Ripoti ya kwanza nayo, yenye neno yalipikwa, ilikuwa imekwishafika makao makuu, ikasomwa, ikanong'onwa, na neno la namna hiyo likishatoka halirudi. Na Chidawali alikuwa ameandikiwa barua ya kumwaga unga. Ilikuwa kwenye meza ya Mkurugenzi, inasubiri sahihi tu.

Kilichobaki ni mstari ule mmoja.

Waliitwa mlangoni asubuhi, mbele ya ubao. Mchoraji wa herufi alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi nyeupe. Kanuni ilitaka jina lipatikane kabla ya saa sita mchana. Likikosekana, ugunduzi unarudi kabatini mpaka bodi ikutane mwakani.

"Semeni," alisema Mkurugenzi. "Kwa ufupi."

"Bila jicho langu pasingekuwa na kitu cha kurudia wala cha kuosha," alisema Dakta Ndyanabo. "Mimi ndiye niliyekiona. Na kilichobaki cha miaka yangu sita nilimpa mtu aliyeniita mpishi. Nani kati yenu angempa?"

"Alikiona kinaua, hakujua kinaua lini," alisema Nyamizi. "Karatasi zake nne zingesambaa, kila maabara yenye vichupa vipya ingejaribu mara moja, ikashindwa, ikatupa. Angekufa anaitwa tapeli, na dawa ingekufa naye. Mimi ndiye niliyemtafutia ukweli wake, na nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe kuuandika. Ningenyamaza tu, leo ningekuwa na mkataba."

"Bila mimi huyu asingeona kimelea kikifa hata siku moja," alisema Chidawali na kumwonyesha Dakta kwa kidole. "Na huyu angerudia mpaka meno yang'oke. Nilisema, nikijua nafukuzwa. Orodha ilikuwa mfukoni mwangu, sikuivuruga."

"Ulikuwa unaokota taka," alisema Dakta. "Hukujua unachokifanya."

"Nilijua naosha. Wewe ulijua unaua, hukujua kwa nini. Nani mjinga zaidi?"

"Na ukanitazama nikishindwa mwaka mzima," alisema Nyamizi.

"Na wewe ukamwita mwenzako mwongo bila ushahidi," alisema Chidawali. "Usijipake mafuta, mtani."

Neno mtani lilitoka bila ladha yoyote. Tangu asubuhi ile ya sinki walikuwa hawajataniana tena, na Nyamizi, ambaye hakumlilia mtu pale kituoni, alihisi hilo likimchoma kifuani.

Mkurugenzi alitoa karatasi tatu ndogo na kalamu tatu.

"Kila mtu aandike jina moja. Si lake mwenyewe. Likipatikana jina lililotajwa mara mbili, nitaliandika na nitaacha kuumwa kichwa."

Nyamizi aliinama juu ya karatasi yake. Alimfikiria Dakta, akakumbuka jokofu likifunguliwa, kisha akakumbuka barua. Alimfikiria Chidawali, akakumbuka lile neno lake, sitanii, kisha akakumbuka vichupa vipya vikitolewa kwenye boksi kila siku, mbele ya macho yake, na mzee yule akinyamaza. Kalamu iligusa karatasi mara mbili. Aliikunja ile karatasi, akairudisha.

Mkurugenzi akazifungua zote tatu. Zilikuwa tupu.

Naona tayari kuna mtu hapo nyuma anataka kusema waandikwe wote watatu. Kaa chini. Ubao hauruhusu, na mwanzilishi hakuwa mjinga: siku peptidi hiyo itakapomdhuru ng'ombe au mtu, lazima awepo mmoja wa kusimama na kusema ni mimi. Mwingine anataka kusema asiandikwe yeyote. Sawa, kawaambie warina asali waliolala wodini wasubiri mwakani, kwa sababu wewe hukutaka kumuudhi mtu. Na wewe unayesema wote watatu walifanya kwa chuki, umesema kweli. Mmoja alitoa peptidi ili mwenzake apige magoti, mmoja alirudia kwa sababu alikerwa, mmoja alitoboa siri kwa sababu alitukanwa. Niambie basi, dawa iliyopatikana kwa chuki inaua vimelea vichache zaidi?

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi. Rangi imeanza kushika utando juu ya kopo. Nyamizi amebakiza siku moja ya mkataba, na begi lake limefungwa. Dakta Ndyanabo anatazama mstari mtupu aliouonyesha kwa kidole mwaka jana. Chidawali amevaa mabuti yake yenye viraka, na barua yake imekwishafunguliwa kalamu. Atakayeandikwa, jalada lake linachomwa leo. Wawili watakaobaki wataondoka na majina waliyopakwa, mmoja na lake, mwingine na lake.

"Niandike nani?" anauliza mchoraji kutoka juu ya ngazi, mara ya tatu hii.

Mkurugenzi amewatazama wale watatu, hakupata jina kwao. Amegeuka, anawatazama ninyi.

Je, wewe ungeamua vipi? Taja jina moja. Ukishalitaja usikae, nenda mpaka kwa wale wawili wengine, uwaambie usoni kwa nini.